Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Kijana, Nenda Ukabishe Hodi



Kijana mwenzangu, leo naomba tujifunze pamoja jambo ambalo mimi mwenyewe nimejifunza kwa aibu. Nitaanza na yaliyonikuta, halafu tutafungua Biblia tuone Neno la Mungu linatuambia nini.

Yaliyonikuta

Kundi letu la WhatsApp la vijana wa parokia lina watu zaidi ya mia moja. Kila asubuhi mmoja wetu hutuma somo la siku, na wengine tunajibu "Amina" na emoji ya mikono iliyokunjwa. Kundi limechangamka. Kuna tafakari, kuna vichekesho, kuna matangazo ya kwaya na michango ya harusi. Ukituuliza, tulikuwa tunajiona kabisa kwamba sisi ni familia.

Ndani ya kundi hilo alikuwemo rafiki yangu mmoja, mwimbaji wa besi, ambaye alikuwa hakosi "Amina" yake ya asubuhi. Ikafika wakati akawa haonekani mazoezini. Tukamwandikia, "Kaka vipi, umepotea?" Akajibu, "Niko poa, ratiba tu imebana." Tukaweka emoji ya dole gumba, maisha yakaendelea. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika tukamjaza meseji, keki za picha, maua na baraka za kila aina. Naye akajibu, "Asanteni sana familia, nawapenda." Mimi nikajisikia vizuri kwamba nimemkumbuka rafiki yangu.

Sasa, katika jumuiya yao kuna mama mmoja mtu mzima ambaye simu yake ni kitochi. Hayumo kwenye kundi lolote. Lakini Jumamosi, wanaposali saa kumi na mbili asubuhi, aligundua kwamba benchi la karibu na mlango lina nafasi tupu. Jumamosi ya kwanza akanyamaza. Ya pili akauliza. Ya tatu akamchukua mama mwenzake, wakabeba unga na maharage kwenye mfuko, wakaenda kupiga hodi.

Walimkuta kijana wetu amelala, amekonda, homa inamchoma siku ya nne. Chumba kilikuwa giza kwa sababu hela ya umeme ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameachishwa kazi karibu miezi miwili, anaona aibu kusema, na simu yake alikuwa anaichaji kwa jirani ili aendelee kutujibu kwamba yuko poa. Wale mama wakamwinua, wakampeleka zahanati. Ilikuwa malaria.

Mimi naishi mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwake.

Alipopona, aliniambia maneno mawili ambayo sijayasahau. La kwanza: "Siku ya bethdei yangu nilisoma meseji zote, zilikuwa nzuri sana. Halafu nikazima simu nikalala na njaa." La pili: "Yule mama hakuniuliza kama niko poa. Aliniangalia tu."

Kijana mwenzangu, somo letu lote la leo limo humo. Katika simu, mtu anakuonyesha kile alichochagua kukuonyesha. Ukifika kwake unaona hata lile aliloshindwa kulisema. Wazee wetu walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mzee aliyeweka kalamu chini

Kabla hatujasema kwamba haya ni matatizo ya kizazi chetu, tufungue Barua ya Pili ya Yohane. Ni barua fupi mno, ina aya 13 tu. Nenda kwenye aya ya 12. Mwandishi, anayejiita Mzee, anawaambia wasomaji wake kwamba bado ana mambo mengi ya kuwaeleza, ila hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kuwafikia, waongee ana kwa ana, ili furaha yao iwe kamili. Kisha fungua Barua ya Tatu ya Yohane, aya ya 13 na 14. Anarudia jambo lile lile.

Karatasi na wino ndiyo iliyokuwa teknolojia ya wakati ule. Mzee haidharau, maana anaitumia. Lakini anajua kuna kiasi cha furaha ambacho wino haukibebi. Anafikia mahali anaweka kalamu chini na kusema, yaliyobaki nakuja nayo mwenyewe.

Hebu jiulize, wewe na mimi tunaweka simu chini wakati gani na kusema, "Hili nakuja mwenyewe"?

Mtume Paulo: barua hutangulia, mtu hufuata

Mtume Paulo aliandika barua nyingi, na mpaka leo tunazisoma kwenye Misa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba kuwasiliana kwa mbali hakuna maana katika imani. Lakini angalia jinsi Paulo alivyozitumia barua hizo.

Kule Thesalonike alihubiri kwa muda mfupi, ghasia zikatokea, ikabidi aondoke usiku (Mdo 17:1-10). Katika Barua ya Kwanza kwa Wathesalonike (2:17 hadi 3:10) anaeleza kwamba ametenganishwa nao kwa uso, si kwa moyo. Alijaribu kurudi zaidi ya mara moja, akazuiwa. Aliposhindwa kuvumilia akakubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo aende badala yake, akawaimarishe na kuona hali yao. Timotheo aliporudi na habari njema, moyo wa Paulo ukatulia. Hata hivyo hakusema, "Basi yametosha." Anasema anasali usiku na mchana ili awaone uso kwa uso.

Kwa Warumi, watu ambao wengi wao alikuwa hajawahi kuwaona, anaandika (1:11-12) kwamba anatamani kufika ili watiane moyo, yeye kwa imani yao na wao kwa imani yake. Umeona hapo? Mtume mkubwa kama yule anategemea kupata kitu kutoka kwa Wakristo wa kawaida. Ndiyo maana tunasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa hata mgeni mwenyewe anapona. Na ukienda sura ya 16 ya barua hiyo hiyo, utakuta anawasalimia kwa majina watu zaidi ya 20. Anaanza kwa kumtambulisha dada Foibe wa Kenkrea, ambaye wataalamu wengi wa Maandiko wanaona ndiye aliyeibeba barua ile mkononi mpaka Roma. Yaani hata barua yenyewe ilifika ikiwa na mtu.

Kuna sehemu moja ambayo kila aliyewahi kugombana kwenye meseji ataielewa. Ni Wagalatia 4:20. Paulo amewaandikia kwa ukali, na katikati ya ukali huo anasema anatamani angekuwa nao sasa hivi ili abadilishe sauti yake, maana amechanganyikiwa juu yao. Aisee! Ni mara ngapi umeandika neno kwa utani likasomwa kama tusi? Ni mara ngapi umejibiwa "sawa" ukakaa usiku mzima unajiuliza hiyo "sawa" ni ya hasira au ya amani? Maandishi yanafika bila sauti, na msomaji anayatia sauti ya moyo wake mwenyewe. Paulo alilijua hilo.

Kwa hiyo kanuni ya Paulo tunaweza kuisema hivi: barua hutangulia, mtu hufuata. Ujumbe ni mzuri unapofungua njia ya kukutana. Ukibaki ujumbe tu miaka nenda rudi, wakati njia ipo na miguu tunayo, hapo kuna kitu kimekwama.

Mungu mwenyewe alifika

Lakini kwa nini Mkristo ajali sana habari ya kuonana? Kwa sababu ndivyo Mungu alivyofanya kwetu.

Kwa karne nyingi Mungu alisema na watu kwa vinywa vya manabii. Ujumbe ulikuwa wa kweli na ulikuwa mtakatifu. Hata hivyo wakati ulipotimia alimtuma Mwanae, naye Neno akatwaa mwili, akakaa kwetu (Yn 1:14). Akawa na mikono, akachoka, akaona njaa. Ndiyo siri tunayoikumbuka kila tunaposali Malaika wa Bwana.

Mara tu baada ya kupashwa habari na malaika, Bikira Maria alifanya nini? Alifunga safari kwa haraka kwenda nchi ya milima kwa Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu (Lk 1:39-56). Elisabeti alikuwa mtu mzima, mjamzito, na mume wake alikuwa hasemi. Alihitaji mtu wa kukaa naye. Mtoto akaruka tumboni pale sauti ya salamu ilipoingia nyumbani.

Naye Yesu katika huduma yake, mwangalie mikono. Mwenye ukoma alipomjia, Yesu alimgusa kabla ya kumtakasa (Mk 1:40-42). Mtu ambaye huenda kwa miaka mingi hakuguswa na yeyote! Binti wa Yairo alimshika mkono (Mk 5:41). Kiziwi alimtenga pembeni, akamtia vidole masikioni (Mk 7:33).

Utaniuliza, mbona yule akida wa Kirumi, mtumishi wake aliponywa kwa mbali (Lk 7:1-10)? Ni kweli kabisa. Neema ya Mungu haizuiwi na umbali, na ndiyo maana tunaombeana popote tulipo. Lakini kumbuka kwamba siku ile Yesu alikuwa tayari yuko njiani anakwenda. Ni akida aliyesema hastahili aingie kwake. Yesu alikuwa tayari kufika.

Mambo matatu yasiyopita kwenye bando

*La kwanza ni sakramenti.* Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati kuhusu Kanisa na intaneti, na humo likaeleza wazi kwamba mtandaoni hakuna sakramenti. Huwezi kubatizwa kwa simu ya video. Huwezi kuungama kwa meseji. Ekaristi ni mwili na damu ya Kristo, na inapokelewa na mtu aliyepo. Unakumbuka mwaka 2020, wakati wa Uviko, watu wengi duniani walifuatilia Misa mubashara kwa sababu makanisa yalifungwa. Papa Fransisko mwenyewe alikuwa anaadhimisha Misa ya kila siku pale Santa Marta na watu wakiifuatilia kwa vyombo vya habari. Tarehe 17 Aprili mwaka huo alitahadharisha kwamba hiyo ni hali ya wakati wa dhiki. Alisema tuko hivyo ili tutoke humo, siyo tubaki humo, maana Kanisa linakwenda pamoja na watu na sakramenti. Kwa mgonjwa aliye kitandani, Misa ya redio au televisheni ni faraja kubwa. Kwa mimi niliye mzima, ninayeishi jirani na kanisa, kujifunika shuka na kusema "nimeshafuatilia mtandaoni" ni jambo jingine.

*La pili ni upatanisho na ndugu.* Yesu katika Mathayo 18:15 anatoa utaratibu: ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye, ninyi wawili peke yenu. Angalia neno la kwanza, *nenda*. Sisi tumegeuza. Ndugu akitukosea, tunaweka stetasi ya mafumbo ili watu mia mbili waone, na yeye ajue mwenyewe. Au tunambloku. Kumbloku mtu ni rahisi kuliko kumsamehe, lakini moyo unabaki na mwiba ule ule.

*La tatu ni huruma.* Kanisa linatufundisha matendo ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwapokea wageni, kuwatembelea wagonjwa, kuwatembelea wafungwa, kuwazika wafu. Yapitie moja moja ujiulize, mangapi nimefanya kwa kidole gumba? Najua pesa ya chakula inaweza kutumwa kwa simu, na ni jambo jema sana, usiache. Lakini huwezi kujua wa kumtumia kama hukuiona njaa yake. Na kwenye msiba, "Pole sana, Mungu awatie nguvu" si sawa na kukaa kwenye mkeka usiku kucha bila kusema chochote. Waliofiwa wanawakumbuka waliokaa.

Mtandao ukuletea unaowapenda, jumuiya inakuletea ndugu

Hapa nataka tuwe wakweli. Wengi wetu tunakwepa jumuiya kwa sababu inachosha. Mwenyekiti anaongea sana. Kuna mama anayeimba nje ya sauti. Kuna mzee ambaye kila wiki atasema vijana wa siku hizi wameharibika. Mtandaoni tuna raha zaidi, maana tunafuata wanaofanana nasi, na simu yenyewe inajua tunachokipenda na kutuletea zaidi ya hicho hicho.

Sasa fikiria tena. Jumuiya ndogo ndogo haikukuuliza unampenda nani. Imekupa watu wanaokaa mtaani kwako, na ndani yao mmoja anakukera. Hapo ndipo pa kujifunzia amri ya mapendo. Uvumilivu hauwezi kuufanyia mazoezi na mtu unayeweza kumzima kwa kitufe. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki na jirani zake, walipokutana mwaka 1976 waliufanya ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji. Walitaka imani iishi pale watu wanapoishi, wanapojuana kwa majina na shida zao. Yule mama wa kitochi ni tunda la uamuzi ule, hata kama hajawahi kuusikia. Aliona nafasi tupu kwa sababu alikuwa anajua nani huwa anakaa pale. Kwenye kundi letu la watu zaidi ya mia moja hakuna benchi, na nafasi tupu haionekani.

Je, tutupe simu?

Hapana. Usije ukaenda kuuza simu yako ukasema nimekushauri. Kuna wenzetu wako masomoni au kazini mbali na nyumbani, na sauti ya mama kwa simu ndiyo inayowashikilia. Kuna wagonjwa. Kuna waliopata hamu ya kurudi kanisani kwa sababu ya tafakari waliyoiona mtandaoni. Mungu anatumia njia hiyo pia.

Papa Fransisko katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Duniani ya mwaka 2019, uliobeba wazo la Waefeso 4:25 kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja, alitupa kipimo kizuri. Familia ikiutumia mtandao ili iunganike zaidi, halafu ikakutana mezani na kutazamana machoni, mtandao huo ni msaada. Jumuiya ya Kanisa ikiratibu shughuli zake kwa mtandao, halafu ikaadhimisha Ekaristi pamoja, ni msaada. Ni kanuni ile ile ya Paulo. Swali la kujiuliza ni moja: hii simu inanipeleka kwa watu, au inanitosheleza nisiende?

Tuna watakatifu wawili vijana wa kututolea mfano. Papa Leo XIV aliwatangaza pamoja siku ya Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025.

Wa kwanza ni Carlo Acutis, aliyezaliwa mwaka 1991 na kufariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu, kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Alipenda kompyuta, akatengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Ukikutana na jina lake leo, wengi watakuambia ni mtakatifu wa intaneti. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Misa kila siku, na huko Milano alikuwa rafiki wa watu wasio na makazi. Tovuti yake ilikuwa inawaelekeza watu kwenye altare ambapo yeye mwenyewe alikuwa anapiga magoti.

Wa pili ni Pier Giorgio Frassati wa Torino, aliyezaliwa mwaka 1901 katika familia yenye uwezo. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, anapanda ngazi za nyumba za maskini kuwatembelea. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 kwa ugonjwa wa polio, ambao inaaminika aliupata kwa wagonjwa aliokuwa akiwatembelea. Karibu na kufa, mkono wake ukiwa unapooza, aliandika kikaratasi kwa mwandiko wa shida. Kilikuwa kinamwomba rafiki yake apeleke sindano za dawa kwa mgonjwa mmoja maskini. Huo nao ulikuwa ujumbe mfupi. Lakini ulikuwa ni ujumbe wa kumtuma mtu aende.

Tufanye nini wiki hii?

1. *Chagua mtu mmoja.* Pitia simu yako utafute mtu ambaye mmekuwa mkijibizana "niko poa" kwa muda mrefu. Mwombee, halafu nenda kwake. Kama ni mbali, piga simu usikie sauti yake, na mpange siku ya kuonana.

2. *Rudi kwenye jumuiya.* Usisubiri wawe watamu. Nenda, kaa, jifunze majina matano. Wiki inayofuata angalia nani hayupo.

3. *Nenda ukaungame.* Najua kuungama uso kwa uso na padri kunatisha kuliko kuandika kwa siri mtandaoni. Lakini ni pale tu utakaposikia kwa masikio yako maneno ya kuondolewa dhambi.

4. *Weka meza huru.* Wakati wa kula, simu zote zikae mbali. Mama akiongea, mtazame. Usimjibu "ehee" huku macho yako chini.

5. *Malizia ugomvi kwa miguu.* Kama umekwaruzana na mtu kwenye meseji, usiandike meseji nyingine. Mwambie tu, "Naomba tuonane."

Tahadhari moja kwa upendo: kwenda kwa watu haina maana ya kukurupuka kukutana na mtu usiyemjua aliyekuchatisha mtandaoni. Mtu wa namna hiyo usimfuate peke yako wala mahali pa faragha, na mtu mzima unayemwamini ajue uko wapi. Hata wale mama walikwenda wawili. Yesu naye aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili (Mk 6:7).

Nilipopiga hodi

Mwisho niwaambie ilivyokuwa siku nilipokwenda kwa rafiki yangu. Njiani niliandaa maneno marefu ya kuomba msamaha. Nilipofika alinipa stuli, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tukala mihogo ya kuchemsha aliyoletewa na jirani. Yale maneno marefu sikuyasema. Nikasema tu, "Kaka, nisamehe, nilikuwa karibu na sikuja." Akakaa kimya kidogo, akanisogezea chumvi, akasema, "Umekuja." Sasa ameshapata kibarua, na besi imerudi kwaya. Na mimi Jumamosi naamka saa kumi na moja alfajiri. Sijazoea bado, lakini naenda.

Maswali ya kutafakari

- Ni nani ambaye nafasi yake tupu mimi ndiye ningepaswa kuiona?
- Kuna jambo gani ninalolificha nyuma ya neno "niko poa", na ni nani ninayeweza kumweleza ana kwa ana?
- Soma Luka 24:13-35. Wanafunzi wa Emau walizungumza na Yesu njia nzima, lakini walimtambua walipokaa naye mezani. Hii inaniambia nini kuhusu Misa na kuhusu meza ya nyumbani kwetu?

Tusali

Bwana Yesu, hukutupenda kwa mbali. Uliacha utukufu wako ukaja kukaa nasi, ukala mezani kwetu, ukawagusa wagonjwa wetu. Tunakuomba msamaha kwa ndugu tuliowaandikia mengi na hatukuwafikia. Utupe macho ya kuona nafasi iliyo tupu, miguu isiyo na uvivu, na ujasiri wa kupiga hodi. Na sisi tulio wapweke nyuma ya simu zetu, utupe unyenyekevu wa kufungua mlango. Mama Maria, uliyekwenda kwa haraka kwa Elisabeti, utuombee. Amina.

Ukimaliza kusoma hapa, kijana mwenzangu, weka simu chini. Kuna mtu anakusubiri.